Visahani Viwili

Mke wangu Aikande ameileta bahari mezani.
Kopo la sukari ni Dar es Salaam.
Kisahani cha bluu, chenye ufa, ni Unguja.
Kile cha maua, kinachosubiri wageni, ni Pemba.
Katikati kamwaga chai kidogo, kwa makusudi,
na kiberiti ndiyo boti.

"Hapa tunalala," anagusa ufa,
"kwa shemeji yake Faki.
Asubuhi tuwahi bandarini."
Saa ngapi majini? Hajui. Nami sijui.
Sisi watu wa Rau maji tunayoyajua ni ya mfereji,
nayo huja kwa zamu: Jumanne kwetu,
Alhamisi kwa mama Kilawe,
na ukichelewa na jembe lako, imekula kwako.

Kumbe na boti ni hivyo hivyo, ina siku zake.

Ndeonasia amejifungua wa pili, huko Wete,
na mzazi wa Kichaga bila mtori, ni mzazi gani?
Basi safari nzima tunaihesabu kwa mkungu,
ule mchare nyuma ya banda la ng'ombe:
ukishakatwa una siku tano,
sita ukiubembeleza,
kisha unageuka njano, na njano haipiki mtori.
Boti ya Pemba ni Jumatano.
Tukate Jumapili, tukitoka ibadani.
Upepo ukivuma, boti itaahirishwa.
Mkungu hauahirishi kitu.

Aikande anaandika nyuma ya risiti ya pumba:
basi, kulala, boti, kulala, boti,
mchukuzi wa mkungu.
Hapo akainua macho, akanitazama.

Miaka kumi na tisa nilikuwa mpagazi.
Nimepandisha mlimani vyakula vya watu,
viti vya kukunja, hata choo chao,
mpaka goti la kushoto likaandika barua ya kuacha kazi.
Nimelala kwenye mahema yanayopigwa na upepo usiku kucha.
Mtu kama huyo nitamwambiaje mkewe
kwamba anaogopa chai iliyomwagika?

Kuna asubuhi moja, kule juu,
mawingu yalifunika kila kitu:
Moshi yote, migomba, bati letu,
Aikande na ndoo yake ya maziwa.
Vilibaki Kibo na Mawenzi, visiwa viwili,
na weupe ule ukipiga miamba bila sauti.
Mbali, Meru, kama jirani asiyesalimia.
Nilisimama baina yao na mtungi wa gesi mgongoni
nikajiuliza, chini ya maji haya wanaishi watu?
Kisha nikavuka kwa miguu, toka kisiwa hadi kisiwa,
na hakuna aliyenidai tiketi.

Lakini chini ya kiatu palikuwa na changarawe.

"Elinami, unanisikia? Mkungu uende kwa gunia au boksi?"
"Gunia," nasema. "Majani makavu chini,
na asiukalie mtu."
Hilo nalijua.

Mtoto ni wa kiume.
Kwetu, wa pili hubeba jina la babu mzaa mama.
Kwa kina Faki, sijui.
Kila simu ikipigwa nataka kuuliza,
nami najikuta naulizia mawimbi.
"Yametulia, baba," anasema Ndeonasia,
na nyuma yake kuna kilio kidogo, kikavu,
ambacho bado hakijaniambia kinaitwa nani.

Aikande akalala bila kuosha vyombo.
Chai ilikaukia mezani, ikaacha pwani ya kahawia.
Alfajiri nilitaka kuwasha jiko,
ng'ombe alishaanza kudai,
kiberiti kingine sikukiona.
Nikaichukua boti. Nikachomoa njiti moja.
Moto uliposhika nikairudisha mahali pake,

si pale pale hasa:
upana wa kidole hivi,
upande wa maua.